Mjadala: Tiba ya uchovu sugu iamuliwe na nani, mgonjwa au mtafiti?

Msafiri wa Leicester (mleta mada)
Wakuu, salaam. Huku Uingereza nahudumia wagonjwa majumbani, na mmoja wao ana ugonjwa wanaouita ME, uchovu sugu. Akioga leo, kesho hanyanyuki. Pazia limefungwa mchana kutwa, hata mlio wa kijiko unamuumiza. Mwongozo wa tiba wa mwaka 2007 uliwataka watu kama yeye wafanye mazoezi na kuyaongeza hatua kwa hatua. Mwaka 2011 utafiti wa PACE, wa watu 641, ukatoka kwenye jarida la Lancet ukisema yanasaidia. Wagonjwa wakasema yanawamaliza. Oktoba 2021 NICE, chombo kinachoandika miongozo hiyo, kikayaondoa, na kwenye kamati walikuwemo wagonjwa. Baadhi ya maprofesa mpaka leo wanasema sayansi imepigwa mweleka na kelele. Nauliza: mgonjwa awe na kauli kiasi gani? Naomba kuwasilisha.

Jembe Halilali
Huo ni ugonjwa wa wenye friji zilizojaa. Mama yangu yuko Njombe, analima viazi, miaka sitini na kitu, sijawahi kumsikia kachoka. Mleteni huyo mgonjwa msimu mmoja wa palizi, atapona.

Nusu Siku
Jembe, mimi niko Tanga, friji sina, na ugonjwa ninao. Ulianza baada ya homa. Kila kituo nilichokwenda nikapewa jina jipya: taifodi, U.T.I., malaria iliyojificha, mawazo. Sindano za taifodi nimechomwa mpaka basi, na kile kipimo cha Widal kinampa taifodi hata asiyekuwa nayo. Mwisho daktari mmoja akaniambia nitafute mume. Kufua nafua, tena vizuri. Balaa linakuja kesho yake au keshokutwa: mwili mzima unauma, maneno yananipotea mdomoni, mtoto ananiletea maji kitandani. Anayeniona siku ya kufua anaona mtu mwenye afya zake.

Bwana Namba
Pole dada. Lakini hatukuulizwa kama unaumwa, tumeulizwa nani aamue. Mgonjwa anajua anavyoumia, hajui kilichomsaidia. Ndiyo maana watu wanagawanywa kwenye makundi kwa bahati nasibu, wanalinganishwa. Aliyepata nafuu haji kuandika humu, yuko kazini. Tukianza kufuta tafiti kwa sababu wagonjwa wamekasirika, kesho waliokunywa kikombe cha Babu watadai viti kwenye kamati. Loliondo mmeisahau?

Bi Kisauni
Bwana Namba, mbona namba umeziruka? Kuingia PACE ilibidi alama zako za uwezo wa mwili ziwe 65 au chini, kati ya 100. Walipokuja kuripoti, mpaka wa kuhesabiwa uko kawaida ukawa 60. Yaani uingie na 65, uporomoke hadi 60, uandikwe uko sawa! Mgonjwa mmoja wa Australia akaomba data. Chuo kilichoendesha utafiti kikakata rufaa asipewe, kikatumia zaidi ya paundi laki mbili kwa mawakili, kikashindwa mwaka 2016. Data ilipopigwa kwa vigezo walivyoviandika wao wenyewe mwanzoni, wale "waliopona" ambao walikuwa 22 kwa kila 100 wakawa chini ya 8. Na sehemu ya fedha za utafiti ilitoka wizara inayolipa posho za wasiojiweza. Mtu akikwambia wagonjwa ni wakorofi, muulize walikorofishwa na nani.

Ukweli Mchungu
Ninyi wa Ulaya mnaweza kuendelea, ila Loliondo msiitaje kwa dharau. Mama mdogo alipanda basi kutoka Singida mpaka Samunge mwaka ule wa 2011, akalala kwenye foleni, akanywa kwa shilingi mia tano. Sukari ilishuka. Nani alimlipa aseme uongo?

Bwana Namba
Bi Kisauni, kuniambia nimeruka namba ni tusi. Takwimu ndizo zinazonilisha. Nimesoma watu wakijadili huo mpaka wa 60 kabla hujajua PACE ni nini.
Ukweli Mchungu, sukari ilishuka siku ngapi? Aliacha dawa? Waliacha mpaka dawa za Ukimwi wale.

Ukweli Mchungu
Marehemu unamwuliza aliacha dawa? Heshima kidogo, kaka.

Jembe Halilali
Kwa hiyo alifariki kwa sukari iliyoshuka?

Ukweli Mchungu
Jembe, wewe na mama yako wa Njombe tokeni kwenye uzi huu. Umewahi kumuuliza anatumia dawa gani jioni akirudi shamba? Au unajua anapotuma viazi tu?

Jembe Halilali
Mama yangu asitajwe tena. Aliyemtaja mara ya kwanza ni mimi, nina haki. Wewe huna.

Pili wa Pili
Wakati mnagombania wazazi, Loliondo imetupa jibu na hakuna aliyeliona. Babu alipimwa kwa kigezo gani? Kwa watu kusema "najisikia nafuu". PACE nayo matokeo yake makuu yalikuwa dodoso: unajionaje? Tena kila mtu alijua amepewa tiba gani, na tiba yenyewe inamfundisha asiuogope mwili wake, ajione anaweza. Mwisho wanamuuliza, je, unajiona unaweza? Bwana Namba, hicho ni kikombe chenye mhuri wa chuo. Walipowapima kwa kupanda ngazi, stamina haikubadilika.

Bwana Namba
Kutembea kwa dakika sita kuliongezeka kwa kundi la mazoezi, hilo mmelinyamazia. Na mwaka 2023 madaktari wengi walichapisha wakisema NICE ilipima ushahidi kwa upogo. Nao ni vikombe? Aliyeniita mganga ajitokeze.

Pili wa Pili
Hakuna aliyekuita mganga, mkuu. Umejiita.

Ustadhi Kiraka
Dada wa Tanga, pamoja na hayo yote, umesomewa? Kuna vitu huja hivyo hivyo, mchana mzima, usiku huna usingizi.

Nusu Siku
Nimesomewa, ustadhi, Mungu akulipe. Nimefukizwa, nimeogeshwa, nimeombewa hadi kwa walokole. Wote walikuwa wapole kuliko yule wa nitafute mume.

Bi Kisauni
Na hilo la mume si la Tanga peke yake. Mwaka 1955 hospitali ya Royal Free, London, iliangukiwa na maradhi haya, wafanyakazi karibu mia tatu. Mwaka 1970 wakatokea madaktari wawili, mgonjwa hata mmoja hawakumpima, wakaandika kwamba ni histeria. Kisa? Wengi walikuwa wanawake. Hapo Bwana Namba atasema ni namba.

Bwana Namba
Sitajibu kejeli.

Msafiri wa Leicester
Wakuu, turudi kwenye mada jamani. Agosti 2025 timu ya Edinburgh ilitoa matokeo ya DecodeME, utafiti wa vinasaba vya wenye ugonjwa huu: wagonjwa 15,579, wametuma mate kwa posta, zikaonekana sehemu 8 kwenye vinasaba zinazotofautiana na za wasioumwa. Wagonjwa wenyewe walikaa kwenye uongozi wa utafiti, walichangia hata maswali. Mimi naona hapo ndipo mgonjwa anapofaa, mwanzo wa utafiti, asisubiri kuja kugombana mwishoni. Kasoro ni kwamba uchambuzi huo ulikuwa wa watu wenye asili ya Ulaya tu.

Jembe Halilali
Nilisema! Ugonjwa wao, mate yao.

Pili wa Pili
Kutopimwa siyo kutoumwa. Huku vipimo ni malaria na mkojo, utamwona wapi huyo mgonjwa? Korona imewaacha wangapi hawajarudi sawa mpaka leo, mtaani tunaambiana ni umri.

Jembe Halilali
Sawa. Msafiri, hiyo kazi ya kuhudumia majumbani, viza zinapatikana? Ulipitia wakala?

Msafiri wa Leicester
Mkuu, kwa wanaoomba wakiwa nje zilifungwa Julai 2025. Mada tafadhali.

Bwana Namba
Nimuulize dada wa Tanga swali moja, bila ugomvi. Ungekuwa kwenye kamati, ungeandika nini ambacho mtafiti asingekiandika?

Nusu Siku
Ningeandika asinipime siku aliyonitembeza. Anipigie baada ya siku mbili, aongee na aliyenipokelea simu. Ningeandika nikisema basi, iwe basi, asiniandikie kwamba nimekataa tiba. Mazoezi siyachukii, nilikuwa nacheza netiboli. Mengine mtajaza ninyi wasomi, nimechapa haya tangu asubuhi na mkono umeshakataa.

Ukweli Mchungu
Mama mdogo hakuacha dawa. Nimeuliza nyumbani.

Bwana Namba
Sasa kilichoshusha sukari ni nini?

Jembe Halilali
Msafiri, zimefungwa kabisa, au aliye na ndugu huko anaruhusiwa?