Naingia tonamenti ya poka ya kanda hapa Kampala, na chipu moja ishaniumiza mara ya kwanza

fundi_wa_busia:

Habari za leo ndugu zangu. Mimi ni fundi simu hapa Kampala, kwetu Busia, nacheza poka kila Alhamisi na jamaa watano kule Ntinda, elfu kumi kumi tu, tukimaliza tunakula rolex, ile chapati ya mayai, kila mtu anashika boda anaenda kwake. Zamani nilikuwa mtu wa matatu, sisemi gari nasema ile karata yetu, na nilikuwa najua sana kuhesabu saba iko wapi kabla mtu hajakata mchezo, ndio maana wakanivuta kwenye Texas Hold'em, ile poka ambayo kila mtu ana karata mbili zake na zingine zinafunguliwa katikati kwa wote.

Sasa mwezi ujao kuna tonamenti ya kanda, watu wanatoka Nairobi, Dar, Kigali, na kuingia ni milioni moja na laki mbili. Mimi peke yangu hiyo pesa sina. Jamaa wa Alhamisi wakakaa wakasema wewe ndio unatushinda kila wiki nenda utuwakilishe, kila mmoja akatoa laki moja na nusu, jumla laki saba na nusu, mimi naongeza laki nne na nusu yangu. Banange, tangu siku hiyo silali vizuri. Hizi ni pesa za watu wenye watoto shuleni.

Na kinachonitia hofu ni hiki. Mwezi uliopita nilijaribu tonamenti ndogo kwenye kasino moja mjini, laki moja kuingia, nikafika mbali kidogo. Blaindi, yaani dau la lazima ambalo watu wawili wanaweka kabla ya karata, ndogo na kubwa, zikiwa elfu moja na elfu mbili nikapata kwini mbili. Nikachukua chipu moja ya elfu tano nikaitupa mbele kimya, kichwani mwangu nimereizi, yaani nimepandisha dau, hadi elfu tano. Dila, yule mgawa karata, akasema koli, yaani nimefuata tu dau la elfu mbili, akanirudishia elfu tatu. Nikabisha, akaita msimamizi, msimamizi naye akasema koli. Basi walio nyuma yangu wote wakaingia kwa bei rahisi tukawa watano. Flopu, zile karata tatu za kwanza za katikati, ikafunguka tisa, saba, nne. Nikaona zangu ndio kubwa nikaenda oli-ini, yaani chipu zote mbele, mzee wa blaindi kubwa akafuata akaonyesha saba na nne, tayari ana jozi mbili. Nikatoka. Yule mzee kama ningereizi vizuri asingekuwepo kabisa, saba na nne nani analipia elfu tano?

Nauliza waliowahi kucheza hizi kubwa, ni vitu gani mtu wa mtaani hajui mpaka aumie? Na hawa jamaa watano nitawalindaje pesa yao?

---

dada_wa_mbale:

Pole sana kaka fundi, hiyo ya chipu moja imeumiza wengi na mimi nimeiona kwa macho yangu zaidi ya mara tatu. Dila wako hakukuonea. Kanuni ya tonamenti ni hivi, ukitupa chipu moja kubwa bila kusema neno hiyo ni koli, haijalishi ulikuwa unawaza nini. Dawa yake ni mdomo, sema "reizi elfu tano" kwanza ndio mkono uende, kwa sababu zamu yako ikifika neno ulilolitamka linakufunga hata kama chipu hazijatoka. Na ukiamua kuweka bila kusema weka zote kwa mara moja, usiweke mbili halafu urudi kwenye rundo lako kuongeza zingine, ile ya pili watakurudishia.

Kingine funika karata zako. Mimi naweka juu sarafu ya mia tano ile yenye ndege, nimefanya hivyo miaka yote. Ukikaa karibu na dila na karata zako ziko wazi hazina kitu juu, anaweza kuzivuta na zile zilizotupwa akidhani umefoldi, yaani umetupa, na zikishachanganyika huko hakuna wa kukurudishia, hata kama zilikuwa esi mbili unabaki unaangalia tu.

Halafu lugha. Mgao ukiwa unaendelea mnaongea lugha iliyotangazwa na nyumba, na hapa karibu kila mahali ni Kiingereza. Ukimwambia mtu wa Dar kitu kwa Kiswahili katikati ya mgao hata kama unamuuliza bei ya hoteli, wa Kigali mwenye haki atalalamika na utaonywa. Simu nayo usiiguse ukiwa na karata.

Lakini haya yote ni adabu ya meza, Alhamisi mbili zinatosha kuyazoea kama mtamweka mmoja wenu awe dila mkali asiyesamehe. Kitakachokumaliza kweli ni saa. Kule Ntinda blaindi zenu nadhani hazipandi, unaweza kukaa mpaka usiku unangoja karata nzuri na hakuna kinachokuuma. Tonamenti haikungoji. Meza yenye dila inatoa kama migao 25 hadi 30 kwa saa, kwa hiyo ukikaa masaa nane umeona mia mbili na kitu. Esi mbili zinakuja kwa wastani mara moja katika migao 221. Yaani ukisema utangoja hizo, siku nzima unaweza kuziona mara moja au usizione kabisa, na huku kila mzunguko unakata chipu zako.

Fanya hesabu mwenyewe. Tuseme unaanza na 25,000, blaindi 100 na 200 na ante, dau lingine la lazima, 200 inalipwa na wa blaindi kubwa. Mzunguko mzima unakula 500, wewe ni tajiri. Baadaye unabaki na 30,000 na unaona umeongeza, unafurahi, lakini blaindi sasa ni 1,000 na 2,000 na ante 2,000, mzunguko mmoja ni 5,000, una mizunguko sita tu na hata hiyo sita haitafika kwa sababu zinapanda tena kabla haijaisha. Kwa hiyo wewe usihesabu chipu, hesabu una blaindi kubwa ngapi. Ukiwa na mia moja cheza taratibu. Ukishuka kwenye kumi, habari ya kufuata ili uone flopu imekwisha, ni oli-ini au ni kutupa, na ni bora uwe wewe wa kwanza kusukuma kuliko uwe wa kufuata, kwa sababu ukisukuma wewe mwenzako naye anaweza kuogopa akatupa.

---

kijana_bugolobi:

Kitu kidogo tu, beba ndaga muntu yako, kitambulisho cha taifa. Sheria ya 2016 ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha inasema miaka 25 kwenda juu, sio 18. Nasema kwa sababu nimeona jamaa wa 23 kalipa nauli kutoka mbali akarudishwa mlangoni.

---

mkali_wa_mutukula:

Mimi na dada wa Mbale tunaachana kidogo hapo. Hiyo cheza taratibu ndio inawamaliza watu wetu, wanakaa kama wako kanisani wanaangalia wa Nairobi wanakusanya chipu. Ingia na moto tangu mwanzo, jaza rundo, ukitoka umetoka mapema unaenda zako. Chris Moneymaker mwaka 2003 alikuwa mhasibu tu, aliingia World Series, yale mashindano makubwa ya poka kule Marekani, kwa mchujo wa intaneti wa dola 86 wakati wengine wanalipa 10,000, watu 839, akawapiga wote akabeba dola milioni mbili na nusu. Alikuwa hajawahi kucheza tonamenti ya ana kwa ana. Asingefika pale kwa kuogopa.

---

dada_wa_mbale:

Mkali nakuheshimu lakini fundi amebeba pesa ya watu watano, "ukitoka mapema unaenda zako" ataenda kuwaambia nini Alhamisi? Na Moneymaker hakufika pale kwa kusukuma ovyo, alichagua wa kumsukuma, mwisho kabisa, wamebaki yeye na Sam Farha tu, alimfanya Farha atupe karata kwenye poti moja kubwa, yaani dau lote la katikati, huku yeye Moneymaker hana kitu, lakini alikuwa ameshamsoma.

Moto uwepo, tatizo ni unawashia wapi. Rudi kwenye ile kwini ya fundi. Esi mbili zikipambana na mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda kama mara 85 kwa 100. Wakiingia wanne zinashuka mpaka kama 56. Hizo ni esi, fikiria kwini. Ndio maana reizi ya kabla ya flopu ni ya kupunguza watu kama ilivyo ya kuongeza pesa, na ndio maana ile chipu ya kimya ilimgharimu mchezo. Na ile flopu ya tisa saba nne mbele ya watu wanne siyo ya oli-ini ya haraka hivyo kaka, kubali tu, ungeweka dau la kawaida usikilize watakujibu nini.

Moto wako uweke ukiwa wa mwisho kuongea baada ya flopu, pale kwenye kitufe cha dila, wote wameshatupa, umebaki wewe na hao wa blaindi wawili. Hapo hata karata ya wastani unareizi. Ukiwa wa kwanza kuongea na watu wanane nyuma yako, esi na tisa za rangi tofauti tupa, zinaonekana nzuri lakini zinakuingiza shimoni.

---

fundi_wa_busia:

Dada nimekuelewa na imeniuma kwa sababu ni kweli, ile oli-ini ilikuwa hasira ya kubishana na dila, nilikuwa bado naiwaza ile elfu tatu aliyonirudishia. Mkali asante pia, najua naogopa sana nikiwa na karata za katikati.

Niulize lingine. Mmoja wa hawa jamaa amepata pesa kwingine naye anaingia, kwa hiyo tutakuwa wawili kutoka meza moja ya Ntinda. Tukikutana meza moja nifanyeje? Yeye pia ana hisa kwangu. Siwezi kumtoa mtu aliyenilipia.

---

mzee_wa_arua:

Mwanangu hapo ndipo nimeamua kuandika. Mtoe. Ukipata nafasi ya kumtoa mtoe, na mwambie leo kabla hamjafika kwamba utamtoa na yeye akutoe. Kuhurumiana mezani ni kosa kwenye tonamenti yoyote ya maana, wanahesabu ni kula njama hata kama nia yenu ni udugu tu. Niliwahi kukaa meza moja na ndugu wawili, mmoja ana karata ambayo hakuna inayoweza kuishinda, wa mwisho kuongea, anagonga meza kupitisha ili asimkate mdogo wake. Zilipofunuliwa meza nzima ikanyamaza. Yule wa mbele yangu akasema kwa upole tu, na mimi ningesamehewa hivyo? Wakamwita msimamizi, kaka mtu akatolewa kwenye kiti mzunguko mzima, blaindi zake zinakatwa hayupo. Kilichomuuma zaidi ni kwamba walikuwa watu wazuri kweli na watu waliwaangalia kama wezi mpaka jioni. Kwa hiyo msiende huko na makubaliano ya siri ya aina yoyote. Hisa zake kwako si kosa, watu wanabadilishana asilimia kila siku, kosa ni zikibadilisha unavyocheza.

Sasa pesa. Laki moja na nusu kwa milioni moja na laki mbili ni asilimia 12 na nusu. Wako watano, hiyo ni 62 na nusu, yako 37 na nusu. Ukipata zawadi ya milioni kumi kila mmoja anachukua milioni moja na laki mbili na nusu, wewe milioni tatu na laki saba na nusu. Andika hiyo kwenye karatasi wote mtie sahihi, sio kwenye WhatsApp tu. Na mwulizane swali ambalo kila mtu analikwepa, ukitoka na wanaruhusu kuingia tena, unaingia kwa pesa ya nani? Nikushauri mseme hapana kabisa, mara moja tu, maana saa ile umetoka damu imechemka utampigia mmoja simu atakutumia mobile money na kesho hamjui hisa za nani ni ngapi. Na kodi au makato yoyote yatoke kwanza ndio mgawane.

Kisha wajue hivi, wanaolipwa huwa ni wachache, mara nyingi kama mmoja kwa kila watu saba au wanane, na pesa kubwa iko kwa watatu wa juu. Mchezaji mzuri kabisa anatoka bila kitu mara nyingi kuliko anavyolipwa. Kama kuna mmoja kati ya hao watano ambaye laki moja na nusu yake ni karo ya shule, mrudishie kesho asubuhi.

---

fundi_wa_busia:

Mzee asante sana, webale nyo. Yuko mmoja. Sijui ulijuaje lakini yuko, mke wake kajifungua juzi na alitoa kwa sababu wenzake wametoa. Nimempigia saa hii, amekataa mara mbili halafu akanyamaza akasema sawa. Hiyo laki na nusu naitoa mimi, kuna simu mbili za wateja nazimaliza wiki hii, kwa hiyo yangu inakuwa laki sita, nusu kabisa.

Na yule anayeingia nimemwambia nitamtoa. Ameniambia nijaribu.

Alhamisi hii tunaanza na dila mkali, tumemchagua yule tuliyemrudishia pesa awe dila wetu mpaka siku yenyewe, na ameshaanza kunitumia kanuni usiku huu. Dada wa Mbale, kama utakuwepo nionyeshe uso wako, nitakuwa yule aliyeweka sarafu ya mia tano juu ya karata.

---

dada_wa_mbale:

Nitakuwepo. Tukikutana meza moja na mimi nitakutoa kaka.