Snom hageuki kuwa Frosmoth (Pokémon Sword), kafika leveli 41

baridi_kali:
Wakuu, habari za jioni. Snom (Pokémon mdudu wa barafu) nilimdaka Route 8, sasa yuko leveli 41. Nimemlisha kari kambini mara nyingi na amebeba Soothe Bell (kengele ya kukuza urafiki). Jana saa 4 usiku nilimpandisha leveli mbili nikiwa mji wa Circhester, hakugeuka. Bado sijawa Champion (bingwa wa ligi, mwisho wa hadithi). Kuna leveli maalumu anayosubiri?

mlinzi_wa_tundra:
Hakuna leveli, mkuu. Snom anataka mambo mawili kwa wakati mmoja: urafiki wa 160 au zaidi, na kupanda leveli usiku. Kosa lako liko kwenye huo usiku. Kabla hujawa Champion, miji na njia zote hukaa kwenye saa ya hadithi, yaani muda uliopangwa na mchezo. Ukutani kwako inaweza kuwa saa 4 usiku, na Circhester ikabaki mchana. Wild Area (eneo kubwa la wazi la porini) ndiyo inayofuata saa ya Switch.

Nenda Wild Area kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi (20:00 hadi 05:59 kwenye Switch). Tazama anga kwanza. Kukiwa na giza, mpe Rare Candy moja au Exp. Candy za kutosha kumpandisha leveli moja. Pambano si lazima. Usiguse B wakati anabadilika, na kama amebeba Everstone (jiwe linalozuia kugeuka) mvue.

sukari_guru:
Naongezea upande wa urafiki, maana wengi hukwama hapo hata usiku ukiwa sahihi. Snom huanza na 50. Soothe Bell haiongezi kitu yenyewe, inakuza kwa nusu kile anachopata kwa kutembea, kupanda leveli na mengineyo. Njia ya haraka ni matunda yanayopunguza EV (pointi za mazoezi za kila takwimu): Pomeg, Kelpsy, Qualot, Hondew, Grepa na Tamato.

Kinachoharibu ni kuzimia. Kila akizimia urafiki unashuka, na Snom huzimia kwa urahisi kwa sababu anajua Powder Snow na Struggle Bug basi. Mwache nyuma ya timu avune Exp. bila kuingia uwanjani. Na kwa kuwa unacheza Sword, usimpeleke kwa Gordie, kiongozi wa gym ya Circhester, kabisa! Mdudu wa barafu huumia mara nne kwa mwamba na mara nne kwa moto, na Coalossal wa Gordie ana vyote viwili.

Kupima urafiki, kuna nyumba Hammerlocke ambamo utaambiwa Snom anakupenda kiasi gani.

baridi_kali:
Asanteni sana, kumbe saa ya hadithi! Akishageuka nimpe nini? Na nisubiri leveli 52 ndiyo nimgeuze?

mlinzi_wa_tundra:
Usisubiri. Quiver Dance huja leveli 52 akiwa tayari Frosmoth, Snom haijifunzi. Ukimgeuza baada ya 52, mkumbushaji wa mashambulio kwenye Pokémon Center atamfundisha bure.

Sp. Atk (nguvu ya mashambulio maalumu) yake ni 125 lakini kasi 65 tu, ndiyo maana Quiver Dance ni uti wa mgongo wake: inapandisha Sp. Atk, Sp. Def (kinga dhidi ya mashambulio maalumu) na kasi kwa pamoja. Weka Quiver Dance, Ice Beam (diski ya kufundishia TR05), Bug Buzz (anaipata leveli 32, au TR61) na Giga Drain (TM28). Giga Drain usiiache, ndiyo inayowajibu wa mwamba na wa maji.

Ability (uwezo wa asili) inayofaa ni Ice Scales, si Shield Dust. Hupunguza nusu ya madhara ya mashambulio maalumu, kwa hiyo Flamethrower inauma mara mbili badala ya nne. Rock Slide na Flare Blitz haizigusi, maana hizo ni za nguvu ya mwili. Wa kwako wa porini hana Ice Scales. Inapatikana kwa baadhi ya wanaodakwa kwenye raid (pambano la pamoja dhidi ya Pokémon mkubwa), au kwa Ability Patch (kifaa cha kubadili Ability) kwenye upanuzi wa Crown Tundra, bei madini ya Dynite Ore 200.

sukari_guru:
Na ukianza kucheza na watu, mvishe Heavy-Duty Boots. Bila hizo Stealth Rock (mawe yanayotegwa uwanjani) inakata nusu ya HP (uhai) yake kila anapoingia.