Kutoka Houston hadi Albuquerque: chakula cha Kimeksiko si kimoja

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, wadogo, hamjambo.

Nilikaa Houston miaka sita nikiamini kwamba ninakijua chakula cha Kimeksiko: nyama ya ng'ombe ya kusaga, jibini ya njano iliyoyeyuka ikafunika sahani nzima, na bizari nyembamba iliyokolea hata ikanikumbusha pilau. Tangu nihamie Albuquerque mwezi Agosti, nimetambua kwamba kile kilikuwa chakula cha Texas, na kwamba jina lilelile la chakula huleta sahani nyingine kabisa ukishavuka mpaka wa jimbo.

Huku New Mexico msingi ni pilipili. Mhudumu akikuuliza "nyekundu au ya kijani?", anauliza habari ya mchuzi. Zote hutoka kwenye mmea mmoja: ya kijani huchumwa kabla ya kuiva, ikachomwa motoni na kumenywa, nyekundu huachwa iive, kisha hukaushwa. Ukitaka michuzi yote miwili, jibu "Christmas". Enchilada, yaani chapati za mahindi (tortilla) zenye mchuzi wa pilipili, ambazo Houston niliziona zimeviringishwa, hapa mara nyingi hupangwa tabaka juu ya tabaka na kuwekewa yai la kukaanga. Kilichonigusa zaidi ni sopaipilla, donge la ngano linalofura kwenye mafuta na kuliwa kwa asali. Mama mmoja wa Tanga tuliyeketi naye alisema ni mahamri yaliyokosa nazi na iliki, nami naona amesema kweli.

Kwa tusiokula nguruwe, tafadhali tuwe waangalifu. Mkahawa mmoja uliniambia kwamba maharage yake hayana nyama, nami nikala, kumbe yalikuwa yamekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Tangu siku ile nauliza kwa neno lao lenyewe, "manteca", ambalo halipaswi kuchanganywa na "mantequilla", yaani siagi. Carne adovada nayo ni nyama ya nguruwe, ingawa jina halisemi hivyo.

Jambo la mwisho: unga uitwao masa haufai kwa ugali, kwa kuwa mahindi yake huchemshwa kwa maji ya chokaa kabla ya kusagwa, na harufu yake hubaki hata uusonge vipi.

Mwenzenu, Albuquerque

*

Kaka, ahsante sana. Mimi niko Tucson, Arizona, ambako mapishi mengi ni ya Sonora, jimbo la Meksiko lenye ng'ombe na ngano ng'ambo ya mpaka; nyama huchomwa juu ya makaa, na tortilla zao za ngano ni pana na nyembamba kuliko chapati yoyote niliyowahi kusukuma. Hizo pia huweza kutiwa manteca, hivyo swali lako linafaa hata huku. Duka ninalonunua hutengeneza nyingine kwa mafuta ya mboga, ila ni lazima uagize asubuhi. Je, huko Albuquerque umekwisha kupata unga mweupe wa ugali, au nikutumie?

Dada yako, Tucson