Fundi wa matangi KANIJAZIA MKAA WA JIKO kwenye tangi la matumbawe!!! Wana Kigoma njooni hapa

Mwakeye wakuu. Naandika vidole vikiwa bado vyeusi.

Yule jamaa mnamjua. Jina sitaji, ila kuanzia Mwanga mpaka Ujiji aliyewahi kufuga samaki wa kwenye kioo kashapita mikononi mwake na kashalia.

Leo asubuhi nimemwita anibadilishie mkaa wa kuchujia, kaboni amilifu, kazi ya dakika kumi. Nimeingia ndani kumletea maji ya kunywa. Narudi, mfuko wangu wa kaboni bado umefungwa vilevile mezani, na yeye kajaza kwenye filta mkaa wa JIKO! Mkaa wa gunia, wenye majivu, na kijiti kimoja hata hakijaiva. Namuuliza, fundi, hiki nini? Hakugeuka hata shingo. "Mkaa ni mkaa."

Mkaa ni mkaa!!!

Maji yamekuwa meusi, ungesema nimefuga sufuria ya msibani. Samaki wangu wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe nimewatafuta kwa tochi. Matumbawe laini yamejikunyata yote kama bibi aliyenyeshewa. Chumvi ya bahari naagiza Dar, inasafiri na treni reli nzima, nakuja kuipima gramu 35 kwa kila lita kama mfamasia. Halafu mtu anasimama sebuleni kwangu, kwenye zulia langu, ananiambia mkaa ni mkaa.

Kaboni ya kuchujia inatokana na vifuu vya nazi au makaa ya mawe, inapigwa mvuke wa nyuzi zaidi ya 800 mpaka inajaa vitundu usivyoviona. Gramu 15 tu, ukiutandaza uso wake wa ndani unapata uwanja wa mpira! Vitundu hivyo ndivyo vinakamata ule umanjano wa maji na sumu ambazo matumbawe laini yanarushiana usiku na mchana. Na hata hiyo ya kweli unaisuuza mpaka vumbi liishe. Yeye hakusuuza! Kwenye gunia, mkononi, puu, kwa tumbawe langu la miaka miwili!

Akamaliza akadai elfu thelathini. Nikamwambia toka. Akiwa getini akarudia, tena kwa kunihurumia: "Kaka, mkaa ni mkaa."

Mgebuka_Mkavu: Picha ziko wapi mkuu? Au maji meusi hayapigiki?

BintiGungu: Kwangu alisema "maji ni maji" akajaza tangi na maji ya bomba. Huyo ana methali kwa kila msiba.

Kuhe_wa_Bangwe: Samahani mtoa mada, lakini una ziwa mlangoni lenye kina cha mita 1,470. Samaki frontosa wa Kigoma mwenye mistari saba Wazungu wanamlilia, wewe unaagiza chumvi Dar? Fundi kakosea, na wewe umemtafutia sababu.

Mtoa mada: Nafuga ninachokipenda. Sijauliza nifuge nini. Nimesema MKAA WA JIKO.

Fundi_Pampu: Utoe wote sasa hivi, majivu yanapandisha pH, yaani maji yanazidi kuwa ya magadi. Badili robo ya maji, pampu ya hewa iwake usiku kucha. Kaboni halisi urudishe kidogo kidogo. Ukiweka nyingi kwa mkupuo maji yanang'aa ghafla, taa inayaunguza matumbawe. Na usitegemee itoe amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, haitoi.

Mtoa mada: Asante mkuu. Nimeshatoa ndoo tatu. Kuna tumbawe moja limeanza kufunguka pembeni.

Mgebuka_Mkavu: Mwenye ubishi adondoshe methilini bluu, ile dawa ya rangi ya bluu, kwenye glasi mbili za maji, moja atie kaboni, nyingine mkaa wa jiko. Kaboni itaila rangi. Ule wa fundi msubirini mpaka Krismasi.

MamaKatubuka: Mimi nauliza, huo mkaa kanunua wapi wenye vijiti? Maana gunia la juzi nimekuta nusu vumbi, juu wamepanga vipande vizuri kama meno ya bandia.

BintiGungu: Mwandiga hiyo! Chini wanaweka majani.

MamaKatubuka: Si Mwandiga, huyu anapita na baiskeli asubuhi. Mnamjua.

Kuhe_wa_Bangwe: Yule anayesema "mama, umeshika mwenyewe"?

MamaKatubuka: HUYOHUYO!!!

Mtoa mada: Jamani, tumbawe langu.

BintiGungu: Mama, nami kaniuzia Jumanne. Nimepika maharage toka saa nne, saa tisa bado yanagonga kwenye meno.

Fundi_Pampu: Hamieni gesi.

MamaKatubuka: Gesi utanijazia wewe?