Vidoti vya kahawia kwenye rimu za aloi havitoki kwa sabuni

Swali: Wakuu, rimu zimejaa vidoti vya kahawia, hasa upande wa ndani. Sabuni ya unga na brashi vimeshindwa. Nitumie nini bila kuharibu rangi?

Jibu 1: Hilo ni vumbi la breki, mkuu. Chembe za chuma zinatoka kwenye diski na pedi zikiwa za moto, zinagandia kwenye klia (tabaka angavu la juu ya rangi), kisha zinashika kutu. Sabuni haiyeyushi kutu. Nunua dawa ya kutoa chembe za chuma isiyo na asidi. Rimu ipoe kabisa, ioshe, puliza dawa, subiri dakika 3 hadi 5. Ikigeuka zambarau, inafanya kazi. Sugua kwa brashi laini, suuza kabla haijakauka. Inanuka mayai viza, vaa glavu.

Jibu 2: Ila kama kuna vidoti vya lami ya barabarani, havitoki kwa dawa hiyo. Tumia mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, halafu sabuni. Stilwaya usiguse: inakwaruza klia, maji yanapenya, aloi inatoa vipele vyeupe chini ya rangi.

Jibu 3: Na maji ya betri (asidi) marufuku, hata ukiyazimua. Ukimaliza kusuuza, endesha polepole ukikanyaga breki mara 2 au 3, diski zikauke.