Nairobi Half Life: je, ukali wake ni wa kweli?

Mkazi wa Kirumba: Ndugu zangu, nimeitazama filamu hii ya Kenya ya mwaka 2012, na najiuliza kama ukatili wake unaonyesha hali halisi ya mtaani au umekolezwa ili kumshtua mtazamaji. Naomba maoni.

Mdau wa Igoma: Kwangu uhalisia wake hauko kwenye bastola, bali mahabusu, pale Mwas, kijana aliyetoka kijijini kutafuta uigizaji na kuporwa mara tu alipofika jijini, anapolazimishwa kusafisha choo kichafu kupindukia. Yeyote aliyewahi kushuka stendi ya Nyegezi hapa Mwanza akiwa na begi moja, hamjui mtu, atauelewa woga ule.

Mama wa Mabatini: Naunga mkono, ingawa Sheng, lugha ya mtaani ya Nairobi, ilinipiga chenga. Katika kibanda umiza nilikoitazamia, vijana walishangilia wizi wa vipuri vya magari kana kwamba ni goli, lakini polisi wala rushwa walipoingia, ukumbi mzima ulinyamaza.

Mkazi wa Kirumba: Asante, mama. Kwa polisi nakubali mwongozaji hakutia chumvi. Ila Amina, yule msichana anayependwa na Mwas, naona alistahili nafasi kubwa zaidi.