Kugawa mitaa na majimbo Dar: wananchi tuulizwe kabla, tusiishie kutangaziwa

Wakuu, salaam. Naomba hili tulijadili sasa kungali na utulivu, maana uchaguzi ukikaribia kila hoja inavishwa shati la chama.

Mtaa wetu, huku pembezoni mwa Ilala, uligawanywa. Kwenye mkutano nilikuwepo. Tulikaa chini ya mwembe, ikasomwa barua kwamba mtaa umekuwa mkubwa mno na pendekezo ni kuukata mara mbili. Mzee mmoja akasimama, akauliza mpaka utapita wapi. Ramani haikuwepo. Mtendaji akaokota kijiti akachora mchangani: hapa barabara, hapa mtaro, msikiti unabaki upande huu. Waliokuwa mbele waliona, wa nyuma tuliona migongo ya wenzetu. Tukaombwa kunyoosha mikono, tukanyoosha.

Baadaye jirani yangu mmoja alihitaji barua ya utambulisho ili akamwekee mwanawe dhamana. Ofisi ya zamani ikamwambia, "Mama, wewe sasa ni wa mtaa mpya." Akaenda huko. Ofisi ni chumba cha kupanga, mwenyekiti yupo, karatasi zipo, muhuri bado haujaletwa. Kijana akalala mahabusu siku mbili za ziada. Kwa hiyo mtu akiniambia mipaka ni mambo ya wanasiasa, simwelewi.

Sipingi kugawa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wengi hawakujenga Kariakoo wala Upanga, wamejenga huku kwetu. Ndiyo maana Ubungo ilitoka Kinondoni na Kigamboni ikatoka Temeke. Ndiyo maana pia Mei 2025 Tume ya Uchaguzi ilipotangaza majimbo mapya 8 nchi nzima, kutoka 264 hadi 272, mawili yalikuwa ya Dar: Kivule, lililomegwa kutoka Ukonga, na Chamazi, lililomegwa kutoka Mbagala. Hata baada ya hapo tuna majimbo 12, yaani wastani wa watu karibu 450,000 kwa mbunge mmoja. Bado ni mzigo mzito.

Ninachopinga ni njia. Pendekezo la kugawa jimbo linapita kwenye baraza la madiwani, linakwenda kamati ya ushauri ya mkoa, ndipo linafika Tume, ambayo nayo inahitaji kibali cha Rais. Mitaa na kata ziko chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa, lakini huko nako diwani ana sauti kubwa. Sasa diwani ndiye anayejua kura zake ziko uchochoro gani. Kumwachia aseme mstari upite wapi ni sawa na kumpa mgawaji wa nyama haki ya kuchagua fungu lake kwanza. Simtuhumu diwani yeyote kwa jina, wapo waungwana wengi. Nasema utaratibu usitegemee uungwana wa mtu.

Kaka mmoja ninayemheshimu, amewahi kuwa mjumbe wa serikali ya mtaa, amenijibu hivi: "Mikutano tunaitisha, hamji. Mkija mnauliza maji na taka." Ana hoja, na inaniuma kwa sababu ni kweli. Lakini mkutano unaoitishwa Jumanne saa nne asubuhi, katika jiji ambalo watu wanapanda daladala saa kumi na moja alfajiri, utahudhuriwa na nani? Na anayekuja akikuta kijiti na mchanga, atachangia nini?

Kuna jambo zito zaidi ambalo wengi hatulizungumzi. Katiba yetu, ibara ya 75, inataka mipaka ya majimbo ichunguzwe walau kila baada ya miaka kumi, na inataja vya kuzingatia, vikiwemo hali ya kijiografia na upatikanaji wa njia za mawasiliano. Hapo pazuri. Lakini ibara ya 74(12) inazuia mahakama kuchunguza jambo lililotendwa na Tume katika kutekeleza madaraka yake. Wenzetu Kenya, kwa Katiba yao ya 2010, mtu asiyeridhika na mpaka uliotangazwa ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu. Sisi mlango huo haupo. Basi kama huwezi kulalamika baada ya tangazo, nafasi yako yote iko kabla yake, na kabla yake ndipo tunapochorewa mchangani.

Kwa hiyo napendekeza ramani ya pendekezo ibandikwe ofisi ya mtaa, sokoni na kwenye nyumba za ibada mwezi mzima kabla ya kikao cha madiwani, ikiwa na majina ya barabara na mito tunayoijua. Mikutano iwe Jumapili alasiri. Na mtaa mpya usianze kazi kabla ya kuwa na muhuri wake mezani.

Wa Chamazi, Kivule, Goba, Kigamboni: kwenu mgawanyo ulipopita mlioneshwa ramani? Na wewe unayeona madiwani ndio wanaostahili kuachiwa kazi hii, nieleze kwa nini, nipo tayari kusikia.